Oveni ya Shule na Mchanga wa Nyumbani

Bwenini, Machakos
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo. Goti lako la kushoto limeacha kukusumbua unapopanda kutoka bwawani, au bado unalifunga kitambaa? Baba anaendeleaje na kifua? Na Susu, nyanya yangu, bado anakataa kuvaa miwani mbele ya wageni? Mimi sina ugonjwa wowote. Nakula, nalala, nasoma. Lakini moyo wangu hautulii hata kidogo. Tangu asubuhi nimeianza barua hii mara tatu na kuiacha mara tatu. Nimefagia chini ya kitanda mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Nimefua soksi zilizokuwa safi. Nduku, rafiki yangu anayelala kitanda cha juu, ameniuliza, "Kwani wewe uko na siafu kwa nguo?" Nikamwambia ninaandika barua. Akasema barua huandikwa mtu akiwa amekaa.

Basi nimekaa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, upate cha kusoma mbele ya mwalimu wako wa ngumbaru, hilo darasa lenu la watu wazima. Lakini hii naomba uisome kwanza peke yako, kabla ya kuipeleka darasani kwenu. Neno likikushinda, muulize Kioko wa mbuzi, naye umwambie afunge mdomo. Sababu ni kwamba huenda ukaitwa shuleni, na ninataka usikie habari kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa mtu mwingine.

Habari yenyewe ni ya oveni.

Unakumbuka nilikueleza kwamba darasa letu la sayansi ya nyumbani lina oveni moja ya umeme, kubwa, nyeupe, ya zamani. Majiko ya gesi yapo, lakini hayo ni ya kupikia juu tu. Kitu cha kuoka, iwe ni keki au skonzi, lazima kiingie kwenye ile oveni. Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu wa kupika siku tisa kutoka leo. Atakuja mtahini kutoka nje, atasimama na karatasi yake, na kila msichana atapika alichopangiwa. Wengi wetu tutapangiwa kitu cha kuoka.

Mwanzoni mwa muhula koili ya chini ya oveni iliungua. Madam Kalondu, mwalimu wetu wa somo hilo, akamwita Mzee Ndambuki. Huyu ndiye fundi wa shule tangu kabla mimi sijazaliwa. Taa zikizimika, ni yeye. Pampu ya maji ikikohoa, ni yeye. Ni mtu mfupi, hana maneno mengi, na mfuko wake wa vyombo ameushona mwenyewe kwa turubai. Alikuja Jumatano, akaweka koili mpya, akaiwasha oveni akiwa peke yake kwa sababu walimu walikuwa mkutanoni, kisha akaenda kumwambia Madam kwamba imepona.

Jumatatu iliyofuata tulioka keki. Madam alisema tuweke kile kidude cha kuzungusha kwenye namba ya katikati, kama siku zote. Kabla ya nusu ya muda wetu moshi ulikuwa unatoka mlangoni. Keki kumi na mbili, Mwaitu, nyeusi juu kama chungu na mbichi katikati. Tuliwapa kuku wa mpishi, nao wakazitazama tu.

Tulijaribu tena kwa namba ndogo. Ikawa vile vile. Mzee Ndambuki akaitwa. Akaiwasha, akaangalia kile kitaa chekundu cha mbele, ambacho huwaka oveni inapopata moto na kuzimika ikifika ulipotaka. Kitaa hakikuzimika. Mzee akakuna kidevu.

"Siku ile niliiwasha," akasema. "Taa ikazimika mara mbili mbele ya macho yangu."

"Macho yako peke yako, Mzee," Madam akamjibu.

"Ndiyo, Madam. Yangu peke yangu."

Akaomba apewe siku mbili aifungue nyuma. Hakupewa. Madam alikuwa na hasira, na mtihani ulikuwa unakaribia, akaita fundi mwingine kutoka mjini, kijana mwenye jaketi la ngozi. Huyo hakufungua chochote. Alizungusha kidude, akaweka sikio, akatingisha kichwa. Akasema kifaa cha kupima joto na kukata umeme kimekufa, na aliyeweka koili ndiye aliyekiua, kwa kuunga waya mahali pasipo pake. Akasema kifaa kama hicho kitafutwe Nairobi, na kwa oveni ya umri huo huenda kisipatikane. Akaondoka.

Tangu siku hiyo Mzee Ndambuki hajaitwa tena. Balbu za bwalo ziliungua wiki iliyopita na akaletwa mtu mwingine kuzibadilisha. Nduku ana shangazi anayeuza mboga sokoni karibu na kibanda cha Mzee, naye anasema kanisani walikuwa wampe kazi ya kuunga waya za vipaza sauti, lakini wakasikia habari za oveni wakabadili nia. Wanafunzi nao hawana huruma. Chakula kikiungua jikoni mtu husema, "Leo Ndambuki amepika." Wote wanacheka. Na mimi nilicheka, Mwaitu. Nataka ujue kwamba na mimi nilicheka.

Madam hakutaka tukae bure. Akasema oveni itumiwe hivyo hivyo, mtu mmoja akae kwenye swichi ya ukutani, awashe na kuzima kwa saa. Akanichagua mimi. "Mwikali ni mwangalifu," akasema mbele ya darasa. Nikachukua kiti nikakaa pale na daftari.

Saa haikunisaidia sana, kwa hiyo nikatumia njia yako. Nilinyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye trei nikaingiza, nikahesabu polepole kama unavyohesabu wewe kabla ya kuweka mkate wa sufuria katikati ya makaa ya juu na ya chini. Unga ukiwa rangi ya maziwa, ngoja. Ukiwa rangi ya mtama, weka mkate. Ukiwa rangi ya kahawa, toa makaa. Wenzangu walinicheka, wakasema nimeleta kijiji chetu cha Mwala darasani, lakini skonzi za siku hiyo zilitoka bila kuungua. Madam akaja kutazama trei yangu akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema ni mama yangu. Akasema, "Mama yako hahitaji kitaa chekundu." Nilitaka kukuandikia siku hiyo hiyo. Laiti ningekuandikia ile barua badala ya hii.

Kwa sababu kadiri nilivyokaa pale ndivyo nilivyoona jambo la ajabu. Nilikuwa ninaandika kila kitu. Kidude kikiwa kwenye namba ndogo, unga unakuwa mweusi. Kikiwa kwenye namba kubwa, unakuwa mweusi kwa kasi ile ile. Ilikuwa kama mtu unayemwambia "tosha, tosha" naye anaendelea kumimina kwa sababu hakusikii. Nikawaza, hii oveni haijui kwamba ina moto. Nikawaza tena, lakini kwa kawaida inajuaje?

Swali hilo lilinikaa kichwani mpaka Ijumaa. Baada ya somo la fizikia nikamfuata Mwalimu Wafula, ambaye hupenda sana kuulizwa mambo yasiyo ya mtihani.

"Mwalimu, oveni inajuaje kwamba imepata moto?"

"Wewe unajuaje chai imepata moto?"

"Ninaonja."

"Basi nayo inaonja." Akachukua chaki akanichorea. Alisema ndani ya oveni, ukutani, kuna kijiti chembamba cha shaba, kirefu kama kalamu, kimeshikwa na vibanio viwili. Ndani ya kijiti kuna mafuta, na nyuma yake kuna mrija mwembamba kama waya unaopita kwenye tundu hadi kwenye kile kidude cha namba. Joto likipanda mafuta yanapanuka, yanasukuma, umeme unakatika, taa inazimika. Ikipoa yanarudi, umeme unawaka tena. "Huo ndio ulimi wake," akasema. "Ukiutoa ndani ukauweka nje kwenye baridi, utaiambia oveni bado, bado, bado, mpaka nyumba iungue."

Mwaitu, niliondoka pale bila hata kumshukuru.

Ngoja nikueleze jambo ambalo ningepaswa kulitaja mwanzoni. Kati ya ile Jumatano aliyokuja Mzee Ndambuki na ile Jumatatu keki zilipoungua, kulikuwa na Ijumaa ya wageni kutoka wilayani. Hapa shuleni wageni wakitangazwa, kila msichana hupewa fungu lake la kusugua, na kiranja hupitisha leso nyeupe juu yake. Leso ikitoka chafu unarudia. Mimi nilipewa oveni. Na mimi, badala ya sabuni ya shule, nilitoa chini ya kitanda lile kopo la mchanga wa bwawani ulionipakia mwenyewe, ule laini tunaosugulia sufuria za nyumbani, nikasugua Alhamisi yote alasiri.

Ndani, upande wa kulia, kulikuwa na kijiti cheusi kimejaa mafuta yaliyoganda. Kilinizuia kufika ukutani. Nikakibandua kwenye vibanio vyake nikasugua nyuma yake. Kisha nikataka kukirudisha, na kibanio kimoja kilikuwa kimepinda, kikawa hakishiki. Kijiti kikawa kinaning'inia kama mkia wa panya. Nilijua leso itakuja. Nilijua wewe hupendi kitu kinachoning'inia kwenye chombo safi. Nikakisukuma kwenye tundu lake, kikapotea nyuma, na ukuta ukabaki mweupe, laini, mzuri. Kiranja alipitisha leso akatabasamu. Wageni waliifungua oveni wakasema hawajaona safi kama ile. Wiki hiyo nikavishwa beji ya usimamizi wa usafi, na ndiyo niliyo nayo kifuani hadi sasa ninapoandika.

Sikukisukuma kwa ubaya. Wala sikufikiri kina kazi. Lakini nilijua si mahali pake, na nikakificha kwa sababu kilionekana vibaya. Kuna mtu anayebeba jambo hilo kwa jina lake, naye alisema kweli tangu mwanzo kwamba taa ilizimika mara mbili.

Mwaitu, sheria ya hapa unaijua. Anayeharibu mali ya shule hutumwa nyumbani kuleta mzazi, na mara nyingi hukaa huko wiki mbili. Mtihani uko siku tisa. Nikitumwa kesho, watapika bila mimi, na miaka minne ya somo hili itakuwa imekwisha nikiwa nyumbani. Nimejaribu kutafuta njia nyingine. Nilifikiri niende mwenyewe na bisibisi, nikirudishe, nisiseme kitu. Oveni ingepona na mtihani ungepita. Lakini watu wangesema tu kwamba imepona yenyewe, na Mzee angebaki vile vile, fundi aliyeiua.

Leo kanisani nilikumbuka kile kibuyu cha Susu. Nilikuwa darasa la pili. Nilikiangusha, kikapata ufa, nikakirudisha mahali pake, upande wenye ufa ukiangalia ukuta. Kilionekana kizima kabisa. Asubuhi Susu akamimina maziwa. Hukunichapa siku hiyo, na Susu hakupiga kelele. Alisema tu, "Kibuyu kilikuwa changu. Maziwa yalikuwa ya wote."

Kesho nitakwenda kwa Madam Kalondu. Nimekuandikia leo ili nisije nikajihurumia kesho asubuhi. Ninaiacha barua wazi.


Jumatano, wakati wa mapumziko marefu

Mwaitu, naendelea. Kalamu ni nyingine, ile ya kwanza imeisha wino.

Jumatatu baada ya gwaride nilimkuta Madam Kalondu kwenye chumba cha kupikia akihesabu vijiko. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri, yenye utangulizi. Yote yakanitoka. Nikasema, "Madam, si Mzee Ndambuki. Ni mimi." Nikafungua mlango wa oveni nikamwonyesha tundu na vile vibanio viwili tupu.

Akainama. Akaingiza kidole kwenye tundu. Mimi niliangalia kisigino cha kiatu chake.

"Ulifanya hivi lini?"

"Alhamisi ya kabla ya wageni, Madam."

"Na nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mwalimu Wafula alinieleza kazi ya kijiti, lakini hajui kwamba ni mimi niliyekitoa."

"Kwa hivyo ungenyamaza, hakuna mtu angejua."

"Ndiyo, Madam."

Akaendelea kuhesabu vijiko. Alipomaliza akahesabu upya. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa hapa siku ile. Nilifungua huo mlango mbele ya wageni. Miaka kumi na moja ninafundisha kwa oveni hii na sikuona kwamba kuna kitu hakipo. Niliona tu kwamba inang'aa." Akaniambia niende darasani na nisimwambie mtu neno mpaka Mzee aje. "Na ukija kumwambia, utamwambia wewe. Mimi nitakuwa na maneno yangu ya kumwambia."

Nilivua beji nikaiweka mezani karibu na vijiko. Hakuichukua na hakunirudishia. Bado iko pale.

Mzee Ndambuki alikuja jana alasiri. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa turubai, hakuingia mpaka alipokaribishwa mara mbili, kama mgeni. Nilimsalimu nikamwambia yote, kuanzia mchanga hadi leso. Niliogopa angecheka, na niliogopa zaidi angesema si kitu. Hakucheka wala hakusema si kitu.

"Msichana," akasema, "unajua nyumbani nilifungua oveni hii kichwani mwangu kila siku? Waya hii hapa, waya ile pale. Nikaanza kujiuliza kama mikono yangu imezeeka. Mke wangu aliniambia nipumzike, nichunge mbuzi. Nilikuwa karibu kukubali."

"Nisamehe, Mzee."

"Nitakusamehe ikizimika," akasema. "Leta kiti. Kabla ya kushika kitu tunafanya nini?"

"Tunazima swichi ya ukutani."

"Halafu?"

"Tunangoja ipoe."

"Halafu unaniuliza. Hiyo ndiyo uliruka."

Nduku, ambaye alikuwa amejileta mwenyewe akijifanya anatafuta ufagio, akashindwa kujizuia, akacheka. Mzee akamwangalia. "Wewe nawe shika tochi, usisimame bure."

Tukaisogeza oveni kutoka ukutani. Mzee akafungua bati la nyuma, skrubu moja moja, akizipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Kijiti kilikuwa huko, kimelala juu ya pamba ile ya kuzuia joto, baridi kabisa. Kilikuwa kimekunjika karibu na mwisho wa mrija. Hapo Mzee akaomba tochi isogezwe. Alieleza kwamba mrija huo ukivunjika mafuta yanavuja, na hapo kifaa kinakufa kweli, na yule kijana wa jaketi atakuwa amesema ukweli bila kujua. Akauzungusha kwenye mpini wa bisibisi, polepole sana, akiunyoosha kwa kidole gumba, kama unavyomnyoosha mtoto kidole kilichochomwa na mwiba. Ukanyooka. Hakukuwa na mafuta kwenye kidole chake. Akakinusa ili ahakikishe.

Kisha akanipa kijiti mkononi.

"Ulikitoa wewe, utakirudisha wewe."

Nilikipitisha kwenye tundu kutoka nyuma, nikazunguka mbele, nikakivuta taratibu hadi kikafika mahali pake. Kibanio kilichopinda nilikinyoosha kwa koleo lake. Kijiti kilinitoka mara mbili. Mzee hakunisaidia. Mara ya tatu kikashika.

Madam akawasha. Akaweka kidude kwenye namba ya katikati. Nikanyunyiza unga kwenye trei nikaingiza. Kitaa chekundu kikawaka, nasi tukakaa kukiangalia.

Mwaitu, sijawahi kungoja kitu vile. Nilitembea mpaka dirishani nikarudi. Nikapanga taulo za vyombo. Nikazipanga upya. "Mwikali, kaa," Madam akasema. Nikakaa, nikasimama. Nduku alisema kwa sauti ndogo, "Aki, hata mimi sasa niko na hizo siafu." Mzee alikuwa ameketi na mikono juu ya magoti akiangalia kitaa bila kupepesa, na nikaona kwamba shati alilovaa limepigwa pasi, la kwendea kanisani. Alivaa shati hilo kuja kutengeneza oveni.

Ikafika ule muda ambao siku nyingine moshi huanza. Kitaa bado kinawaka. Nilianza kuomba bila maneno.

Kisha kukatoka sauti ndogo, tik, kama mtu anayekata kucha. Kitaa kikazimika.

Nilifungua mlango kidogo nikachungulia trei. Unga ulikuwa rangi ya mtama. Nikafunga. Tukangoja tena, na baada ya muda kitaa kikawaka chenyewe, kikakaa, na tik, kikazimika tena.

"Mara mbili," Mzee Ndambuki akasema. "Nilisema mara mbili."

Madam Kalondu akasimama. Alimpa mikono yote miwili, na wewe unajua mwalimu hafanyi hivyo kwa kila mtu. Akasema, "Mzee, nilikukosea mimi mkubwa kabla ya huyu mdogo." Akamwahidi kwamba Ijumaa kwenye gwaride mwalimu mkuu ataeleza mbele ya shule nzima, na kwamba yeye mwenyewe Jumapili atapita kanisani kwao. Mzee akaitikia kwa kichwa tu. Akaokota vyombo vyake kimoja kimoja. Alipofika mlangoni akageuka akaniambia, "Una mkono mzuri. Kichwa ndicho kina haraka." Kisha akasema akiulizwa mahali vijana wanafundishwa kazi ya umeme, atasema chuo kipo, na wasichana hawafukuzwi. Sijamwambia mtu mwingine kwamba tangu jana ninalifikiria neno hilo. Nakuambia wewe.

Sasa, adhabu. Niliuliza mwenyewe kwa sababu nilikuwa siwezi kuvumilia kutojua. Madam akasema, "Mzazi wako ataitwa. Sheria ni sheria."

"Lini, Madam?"

"Ijumaa baada ya mtihani. Mpishi hatolewi jikoni keki ikiwa ndani."

Basi, Mwaitu, ujue umeitwa. Barua rasmi itakuja kwa sanduku la shule ya msingi kama hii. Usiwe na hofu unapoingia ofisini, wala usije na maneno ya kuniombea, kwa sababu nimeshasema yote na hakuna jipya utakalolisikia. Njoo na goti lako polepole. Madam anataka pia umwonyeshe mkate wa sufuria, makaa ya juu na ya chini, kwa sababu umeme hapa unakatika siku hizi bila taarifa na anasema wanafunzi wa kidato cha pili lazima wajue kuoka gizani. Alisema tena, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu keki ziungue, kwamba uje na kopo lingine la ule mchanga. Ni wa sufuria tu. Oveni hautaigusa.

Kengele italia sasa hivi. Leo alasiri tunaoka skonzi na hakuna mtu anayekaa kwenye swichi, lakini nitapeleka unga wangu hata hivyo. Kitaa nakiamini. Unga naujua.

Nisalimie Baba, mwambie redio yake ikinyamaza asiipige kofi kabla ya kuifungua nyuma. Nisalimie Susu, umwambie nimekumbuka kibuyu, atajua. Nisalimie Kioko mchunga mbuzi wetu, na umwambie nimejua kwamba ameisoma barua hii yote, kwa sababu neno "koili" lilikushinda. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mwalimu wako wa ngumbaru. Sasa unaweza kumsomea.

Ni mimi binti yako, ambaye mkono wake ulitoa, na mkono huo huo ukarudisha,

Mwikali